Mzigo Baada ya Arobaini

Kizazi hakishuki siku kinapoonekana. Kabla ya kizazi, kibofu au njia ya haja kubwa kuusukuma ukuta wa uke hadi mwanamke akahisi kitu kizito kimening'inia baina ya mapaja, kuna miezi, na mara nyingi miaka, ambamo seli ndogo za nyama za nyonga zilivutwa, zikaitika, zikavutwa tena, na mwisho zikaitika vibaya. Hoja nitakayoitetea hapa ni kwamba maradhi haya, kwa mwanamke wa Unguja na kwa wenziwe wengi wa Afrika Mashariki, huja pale mambo mawili yanapokutana: tishu iliyojeruhiwa kwa uzazi ambayo bado haijamaliza kujijenga, na mzigo unaorudi juu yake mapema mno. Kila kimoja kina madhara yake kikiwa peke yake, lakini uharibifu mkubwa hufanywa na kukutana kwao, na kukutana huko ndiko tunakoweza kukuvuruga. Wako wasiokubali, kila mmoja kwa sababu nzuri. Kwa kuwa sababu zao hazifai kupuuzwa, nimezipa vinywa vinne: mkunga wa jadi wa shamba, daktari wa upasuaji wa wanawake wa mjini, mtafiti wa maabara, na mkulima wa mwani wa pwani ya mashariki. Msiwatafute mitaani, ni hoja tu zilizovishwa kanga na makoti meupe.

Mkunga anaanza, kwa haki ya umri. "Mwanangu, hayo ya mzigo sisi tuliyajua kabla ya hospitali. Mzazi akishajifungua hukaa ndani siku arobaini, anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja, anakunywa uji wa pilipili manga, wala haachiwi hata kuinua ndoo. Na bibi zetu walizaa saba, walizaa kumi, wakateka maji visimani na kujitwika kuni, na maradhi hayo hatukuyaona. Haya ni ya vijana wa leo, wanaozaa kwa dripu na kukimbilia kazini."

Sehemu ya kwanza ya maneno yake nitairudia, maana ndiyo yenye uzito. Sehemu ya pili haisimami. Maradhi yanayofichwa chini ya kanga hayaonekani kwa jirani, na mara nyingi hata kwa mkunga, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hukirudisha kizazi ndani kwa kidole, akajifunga vizuri, akaenda shamba; akiulizwa mbona amejiinamia husema mgongo, au husema chango. Ili kuyaona inabidi kwenda kijijini na kuwapima wanawake ambao hawakuja wenyewe kulalamika. Kazi ya namna hiyo ilifanywa Kilimanjaro na Gileard Masenga na wenzake, wakaichapisha mwaka 2018: wanawake zaidi ya 1,000 wa vijiji vya Hai, Rombo na Same walipimwa, na asilimia 64.6 wakakutwa na mshuko wa daraja la pili au zaidi. Tarakimu hiyo haifai kutumiwa kutisha watu, maana mshuko wa daraja la pili unaweza kukaa mwilini miaka bila ya kumsumbua mwenyewe. Ya kutazamwa zaidi ni ile ya pili: asilimia 6.7 walikuwa wameshuka sana, hata kitu kikatokeza nje kwa sentimita moja au zaidi. Ni kama mwanamke mmoja katika kila 15, na wote hao walikutwa vijijini kwao, si wodini. Miongoni mwa mambo yaliyoandamana na mshuko yalikuwa umri, wingi wa uzazi, kujifungulia nyumbani na kubeba vitu vizito. Kule ni migomba na miteremko, huku ni minazi na mchanga. Hata hivyo hakuna sababu ya kudhani kwamba nyonga za Makunduchi zimeumbwa tofauti na za Rombo. Kuhusu bibi zetu, basi, tuseme tu kwamba hawakuulizwa.

Hapo daktari anaingia, na subira yake si ndefu. "Ndugu mwandishi, unazunguka. Sababu ni uzazi, basi. Waingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya 17,000 waliosajiliwa katika kliniki za uzazi wa mpango, matokeo yakatoka mwaka 1997: aliyezaa mara mbili alikuwa na uwezekano zaidi ya mara nane wa kulazwa kwa mshuko kuliko asiyezaa kabisa. Hapa kwetu uchunguzi wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulimkuta mwanamke wa Zanzibar akizaa wastani wa watoto takriban watano. Kichwa cha mtoto kinapopita, msuli wa sakafu ya nyonga huvutwa kupita kiasi, na mara nyingine hung'oka kwenye mfupa. John DeLancey wa Michigan aliupiga picha: katika wanawake wenye mshuko, asilimia 55 walikuwa na kasoro kubwa ya msuli huo; wasio na mshuko, asilimia 16 tu. Seli za nini tena?"

Daktari amesema kweli, na ningekuwa mpumbavu kubisha kwamba uzazi ndio mlango. Ninachobisha ni kuishia mlangoni. Tuzichukue tarakimu zake hizo hizo. Kama asilimia 55 ya wagonjwa wana kasoro kubwa ya msuli, basi asilimia 45 hawana, na wao pia wameshuka. Na wale asilimia 16 wenye kasoro ile ile lakini hawajashuka, nini kinawashikilia? Isitoshe, baina ya jeraha la uzazi na mshuko unaomleta mwanamke hospitali huwa kuna muda, aghalabu miaka kumi, ishirini, hata thelathini. Jeraha linaloua kuku leo halimngoji apate wajukuu. Kuna kazi inayoendelea katika muda huo, na upasuaji peke yake hauigusi: takwimu za Oregon za 1997 zilionesha kwamba katika kila operesheni kumi za mshuko na za kutozuia mkojo, karibu tatu zilikuwa za kurudia. Mshonaji alishona vizuri, lakini kitambaa kilichoshonwa kiliendelea na tabia yake.

Madaktari wa nyonga wana mfano wao wa zamani wa chombo kilichofungwa bandarini, na hakuna mji utakaouelewa haraka kuliko Mji Mkongwe, wenye majahazi yake ya Malindi. Chombo ni kizazi, pamoja na kibofu na njia ya haja kubwa. Maji yanayokibeba ni msuli wa sakafu ya nyonga. Kamba zinazokifunga gatini ni kano na utando wa nyama unaoshikilia viungo hivyo kwenye kuta za nyonga. Maji yakijaa, kamba hazina kazi kubwa. Chombo kinaelea, na kamba zinakizuia tu kisiyumbe. Maji yakipwa, uzito wote unahamia kwenye kamba, na kamba ya mnazi hata iwe nzuri vipi haikusokotwa kwa kubeba jahazi zima. Kwa hiyo msuli ukiharibika siku ya uzazi, kinachofuata ni hadithi ya kamba, na hapo ndipo mfano wenyewe unapokwisha nguvu, kwa sababu kamba za mwilini zina wakaazi. Ndani yake zimo seli zinazozisokota upya na kuzifumua kila siku, na seli hizo huamua lipi la kufanya kwa kupima jinsi zinavyovutwa.

Seli hizo ni faibroblasti, nazo ndizo fundi wa tishu unganishi popote mwilini. Faibroblasti imejishikiza kwenye nyuzi zinazoizunguka kwa vishikizo viitwavyo integrini. Kwa ndani, vishikizo hivyo vimefungwa na nyuzi za aktini zinazofika hadi karibu na kiini. Nyama ikivutwa, mvuto hupita katika mlolongo huo na kuwa habari: jeni gani ziwashwe, zipi zizimwe. Mvuto wa wastani, wenye vipindi vya kupumzika, huifanya seli itengeneze kolajeni, nyuzi ngumu zinazobeba uzito, na katika njia ya uzazi itengeneze pia elastini, nyuzi zinazorudi mahali pake baada ya kunyooka. Seli yenyewe nayo huvuta. Maabara moja ya Lausanne ilionesha mwaka 2007 kwamba seli za jamii hii zikijikunja zinaweza kukitoa kichochezi cha ujenzi, TGF-beta, kutoka kwenye akiba iliyofichwa baina ya nyuzi. Maana yake ni kwamba nguvu ya mwili hugeuka kuwa dawa ya mwili. Lakini mvuto ukipita kiasi, au ukikosa mapumziko, jibu hubadilika. Seli hutoa kwa wingi vimeng'enya vinavyokata kolajeni na elastini, nyingine huzeeka kabla ya wakati wake au hufa, na zinazobaki hujenga kwa pupa, mtindo wa kovu. Estrojeni nayo imo katika hesabu hii, kwa kuwa seli za nyonga zina vipokezi vyake, na ndiyo sababu mojawapo ya wengi kuanza kuona dalili hedhi inapokoma. Uzazi unatangulia hapo: katika ujauzito mwili huzilegeza nyuzi hizi kwa makusudi ili mtoto apite, na baada ya kujifungua lazima zijengwe tena. Kuzilegeza ni kazi ya mimba. Kuzijenga tena ni kazi ya seli, na seli hufanya kazi hiyo huku zikisikiliza mzigo uliopo juu yake.

Mtafiti wa maabara, ambaye mngemdhania upande wangu, ndiye mpinzani mkali kuliko wote. "Ndugu, usitupe sifa tusizostahili. Seli hizo tulizitoa kwa wanawake waliokwisha kuugua, tukaziotesha juu ya plastiki, tukazivuta kwa mashine kwa saa au siku chache. Sahani haina mimba, haina arobaini, haina gunia la mwani. Na hatujui kama seli mbovu zilileta mshuko au mshuko uliziharibu seli. Wenzetu wa Amsterdam walichapisha mwaka 2016 kwamba seli za uke za wanawake wenye mshuko hutengeneza nyuzi ngumu zaidi na zenye kolajeni nyingi zaidi. Wewe unasimulia kamba iliyodhoofika. Wao wamekuta kamba ngumu."

Nakubali onyo lake lote, na nakiri kwamba vipimo vya kolajeni kutoka kwa wagonjwa havijapata kukubaliana: wengine wamekuta imepungua, wengine imezidi. Lakini matokeo ya Amsterdam hayanipingi kama anavyodhani. Kolajeni nyingi si lazima iwe kolajeni bora. Kovu la mguuni lina kolajeni tele, na bado ngozi ya kando yake hunyooka vizuri kuliko lenyewe. Jambo la kushangaza katika utafiti ule ni kwamba seli zilizokwisha kutolewa mwilini, zikaondolewa mzigo wake, ziliendelea kujenga kwa ugumu. Zilichukua tabia ya mahali zilikotoka. Hilo linalingana na kinachojulikana kuhusu faibroblasti kwa jumla: hupima ugumu wa mazingira yake, zikiona magumu huvuta kwa nguvu zaidi, na kwa kuvuta huyaongeza ugumu. Mzunguko huo ukishaanza, hata sababu iliyouanzisha ikiondoka, wenyewe hujiendesha.

Kuhusu kipi kilitangulia, sahani haiwezi kutujibu, lakini mnyama anaweza. Mwaka 2004 ilichapishwa habari ya panya walioondolewa jeni moja tu, ile ya LOXL1, inayohitajika ili nyuzi za elastini zifungane. Majike wa panya hao walishindwa kuzijenga upya nyuzi za njia ya uzazi baada ya kuzaa, wakapata mshuko. Utaratibu wa wakati hapa uko wazi: kasoro ya ukarabati ilikuwepo kwanza, uzazi ukafuata, kisha viungo vikateremka. Panya hatembei wima wala hajitwiki kitu, kwa hiyo simtumii kuthibitisha habari ya mzigo. Namtumia kuthibitisha jambo moja, nalo linatosha: uzazi unaweza kuwa ule ule, na kinachoamua baadaye ni kama ukarabati umekamilika. Urithi una nafasi yake humo. Uchunguzi wa mapacha wa Sweden uliotoka mwaka 2008 uliupa takriban asilimia 40 ya tofauti baina ya mwanamke na mwanamke. Iliyobaki ni sehemu kubwa zaidi, na hiyo ndiyo tuliyo na mkono nayo.

Sasa nirudi kwa mkunga, kama nilivyoahidi. Siku zake arobaini zina hekima ambayo sayansi imechelewa kuifikia, ila hekima hiyo haikukaa mahali anapodhani. Sijui uzi gani wa kolajeni unaojengwa kwa maji ya moto, ingawa mzazi hupata faraja na mikono ya mtu anayemjali. Mkaja nao husaidia mgongo na tumbo lililolegea, lakini ukikazwa kupita kiasi huongeza shinikizo ndani ya tumbo, na shinikizo hilo likikosa pa kwenda juu huelekea chini, kwenye sakafu iliyojeruhiwa. Dawa yenyewe ya arobaini ilikuwa ndoo iliyobebwa na mtu mwingine. Shangazi aliyehamia nyumbani, dada aliyeletwa kutoka Donge, wifi aliyechanja kuni: hao ndio waliozipa seli muda. Swali ni kama muda huo unatosha. Madaktari wa Norway waliwafuatilia wanawake 300 wa uzazi wa kwanza kwa picha za mawimbi ya sauti, wakachapisha mwaka 2015: sehemu kubwa ya kupona kwa mwanya wa sakafu ya nyonga hutokea katika miezi 6 ya mwanzo. Siku arobaini ni wiki sita kasoro siku mbili. Tunamfungulia mzazi mlango, tunampa ndoo, kabla fundi hajafika nusu ya ukuta.

Mkunga anacheka. "Basi unataka mzazi akae ndani miezi sita? Atapikiwa na nani? Mume ana wake wawili na dau moja." Daktari anamuunga mkono, jambo la nadra: "Bibi, hilo hata mimi siliagizi. Mgonjwa asiyenyanyuka kitandani ana hatari zake." Hapana, sitaki mtu akae ndani. Nataka mlango ufunguliwe siku ya arobaini na mzigo mzito ubaki umefungwa kwa miezi kadhaa zaidi. Hayo ni mambo mawili tofauti, ila desturi yetu imeyafungua kwa ufunguo mmoja.

Mkulima wa mwani alikuwa kimya hadi hapa. "Wasomi, mmezungumza sana na hakuna aliyesema bamvua. Mwani hauvunwi siku unayotaka. Unavunwa bahari inapokupwa sana, na siku hizo zikipita umepoteza. Nimetoka arobaini, mtoto nimemwachia mama, nimeingia majini hadi kiunoni, nimefungua taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, nimejaza gunia, nimejitwika au nimeliburura hadi ufukweni. Hela ile ni yangu, sikumwomba mtu. Sasa mkiandika gazetini kwamba mzigo unashusha kizazi, mume wangu atasoma kitu kimoja tu: nisiende pwani. Na ada ya mtoto ataitoa nani, mtafiti?"

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, kwa sababu halipingi ukweli wa hoja, linapinga matumizi yake. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino, na tangu mwanzo wakulima wake walio wengi, wanane katika kumi au zaidi, ni wanawake. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kushika fedha za jasho lao wenyewe. Ushauri wowote wa afya unaowarudisha jikoni ni ushauri mbaya, hata ukiwa na biolojia sahihi. Lakini kunyamaza nako kuna gharama, na anayeilipa ni huyu huyu. Mwaka 2012 Sara Fröcklin na wenzake, wakiwemo watafiti wa Zanzibar Narriman Jiddawi na Flower Msuya, walichapisha uchunguzi uliowakuta wakulima wa mwani wakiiona afya yao kuwa duni: uchovu, maumivu ya misuli na viungo, njaa, taabu za kupumua na za macho. Hawakupima nyonga. Hata hivyo mwili unaochoka hivyo mgongoni na magotini hauna ukuta unaozuia mzigo usifike chini. Na mtu asidhani kwamba hili ni la maskini wa pwani tu: Denmark, nchi yenye likizo ndefu ya uzazi na hospitali kila pembe, iliwalinganisha wauguzi wasaidizi zaidi ya 28,000, wanaoinua wagonjwa kila siku, na wanawake wengine wa umri wao, na mwaka 1994 ikaripoti kwamba hatari yao ya kufanyiwa upasuaji wa mshuko ilikuwa mara 1.6.

Kwa bahati, biolojia yenyewe inampa mkulima silaha dhidi ya mume wake. Seli zisizovutwa kabisa nazo huharibika. Ushahidi ulio wazi kuliko wote wa jambo hili ulipatikana kwa njia ya uchungu, katika habari ya nyavu za plastiki. Kwa miaka kadhaa madaktari wa nchi tajiri waliweka wavu wa polipropilini nyuma ya ukuta wa uke, wakifikiri kwamba kamba dhaifu itasaidiwa na kamba isiyooza. Wavu ulibeba mzigo wote, nyama iliyo chini yake ikakosa kazi. Kwa kima aina ya rhesus watafiti wa Pittsburgh walionesha mwaka 2013 kwamba wavu ulivyokuwa mgumu zaidi, ndivyo ukuta wa uke ulivyozidi kudhoofika na kukonda. Kwa wanawake, baadhi walipata maumivu yasiyokwisha na wavu uliotoboa nyama ukatokeza. Uingereza ilisimamisha matumizi hayo mwaka 2018, na Marekani ikaagiza mwaka 2019 nyavu hizo za mshuko zisiuzwe tena. Upande wa pili, jaribio lililochapishwa mwaka 2014 kwa wanawake 447 wa Uingereza, New Zealand na Australia lilionesha kwamba mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, yakifundishwa mmoja mmoja, hupunguza dalili za mshuko. Mazoezi hayo ni mzigo, lakini mzigo uliopimwa, wenye mapumziko. Kwa hiyo anayemfungia mkewe ndani kwa jina la sayansi hakuisoma. Mwanamke mwenye nyonga inayojijenga anahitaji kutembea, kufanya kazi, kubeba kidogo, halafu zaidi kidogo, na kuachiwa siku za kupumzika katikati.

Halafu tulitazame gunia lenyewe. Mwani mbichi sehemu yake kubwa ni maji, na ukikauka hubaki na sehemu ndogo tu ya uzito wake. Mnunuzi hulipia mkavu. Maana yake, mzigo unaopita juu ya sakafu ya nyonga ya mkulima wakati wa bamvua ni maji ya bahari ambayo hakuna anayemlipa kuyabeba. Sihitaji maabara kuona kwamba hapo ndipo pa kukata: kuanika kwenye vichanja karibu na maji badala ya kupandisha mbichi hadi kijijini, magunia madogo zaidi, gari la ng'ombe la ushirika, ngalawa ya kuvuta mavuno. Msuya, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, amekuwa akihimiza kilimo cha maji ya kina kirefu kwa sababu ya joto la bahari linaloua mwani wa maji madogo. Kilimo hicho kinataka vyombo, na palipo na chombo kichwa cha mwanamke hupumzika. Mabadiliko yanayofanywa kwa ajili ya mwani yanaweza kuwa dawa ya nyonga bila ya mtu kuyaita hivyo, mradi chombo asikimiliki mwanamume peke yake. Nepal wamekwenda mbali zaidi: Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitamka mwaka 2008 kwamba mshuko wa kizazi ni suala la haki za uzazi na serikali ina wajibu nalo. Sisi hatujafika huko, wala sioni haja ya kuanzia mahakamani.

Tunaweza kuanzia kliniki. Ratiba ya kumwangalia mzazi nchini huishia siku ya 42, karibu pale pale inapoishia arobaini ya mkunga, kana kwamba hospitali na mila walikaa wakashauriana. Baada ya hapo mama huendelea kuja kituo cha afya, ila kwa ajili ya mtoto: chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18. Mwanamke yuko hapo, mbele ya muuguzi, katika wakati ule ule ambao tishu yake imemaliza au imeshindwa kumaliza kujijenga na mzigo umesharudi kichwani, na hakuna swali linalomhusu yeye.

"Muuguzi wa chanjo hana kitanda wala muda wa kumpima," anasema daktari. Kuuliza hakuhitaji kitanda. Je, unahisi kitu kinashuka ukiwa umesimama au jioni baada ya kazi? Unabeba nini, na tangu lini? Anayejibu ndiyo apelekwe Hospitali ya Mnazi Mmoja au hospitali iliyo karibu, apimwe, afundishwe mazoezi, na akihitaji awekewe peseri, kile kipete cha silikoni kinachoshikilia viungo bila ya kisu. Ni kifaa cha bei ndogo, na laiti kingejulikana kama kinavyojulikana kijiti cha uzazi wa mpango.

"Na mimi nitamwambia nini mzazi wangu siku ya arobaini?" anauliza mkunga. Mwambie atoke, Bi Mkubwa, na ndoo iendelee kubebwa na yule yule aliyekuwa akiibeba, hadi mtoto aanze kukaa mwenyewe. Wewe watakusikiliza kuliko sisi.

Mkulima anajifunga kanga yake vizuri. "Niulizeni hayo maswali, nitawajibu. Lakini pale kwenye chanjo tunakaa benchi moja, wifi yangu kushoto, mama mkwe kulia. Mkiniuliza hapo, nitasema sina kitu."

Daktari anakubali kwamba chumba cha pembeni hakijawahi kuwamo katika bajeti ya chanjo, na kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kufikiria kukiomba.